Masurufu ya safari ndefu: pima kuchelewa, usipime umbali

Kutoka Kismayo hadi Lamu, kwa mstari ulionyooka juu ya bahari, ni kilomita zipatazo 280. Chombo cha tanga kikipata kaskazi njema huweza kuumaliza mwendo huo kwa siku mbili tatu, pamoja na kutia nanga usiku. Chombo hicho hicho, upepo ukilala, huweza kukaa siku nne nyuma ya kisiwa kimoja, na ndani yake wamo watu wale wale, mtungi ule ule wa maji na kapu lile lile la chakula. Umbali haukuongezeka hata hatua moja. Zilizoongezeka ni siku.

Hili ndilo jambo la kwanza ambalo mama anayefunga masurufu hana budi kulikumbuka, awe anasafirisha jamaa zake kwa mashua, kwa lori la mizigo au kwa motokaa ya nyumbani. Aghalabu watu huuliza, "Ni mbali kiasi gani?" Swali lenye faida zaidi ni hili: tukikwama, tutakwama wapi, na kwa siku ngapi? Anayeliuliza swali la pili hufunga kapu lisilofanana kabisa na la mwenzake.

Pwani ya kusini mwa Somalia ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili, kwani huko kuchelewa ni sehemu ya safari. Visiwa vya Wabajuni ni safu ya visiwa vya matumbawe inayoanzia karibu na Kismayo na kuteremka kusini kuelekea Kiamboni, ambako ramani huandika Ras Kamboni, mpakani mwa Somalia na Kenya. Koyama, Ngumi, Chovai na Chula ni miongoni mwa vinavyojulikana zaidi. Wabajuni wako pande zote mbili za mpaka, na mwenye nyumba Chula huweza kuwa na shangazi Kiunga, binamu Faza na mkwe Mombasa. Watu hao wana arusi, misiba na biashara za samaki, kwa hiyo safari haziishi.

Bahari yenyewe ina majira yake. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi na kusukuma vyombo kuelekea kusini. Kusi hushika kuanzia Aprili na hukaza kati ya Juni na Agosti, na wakati huo wenye vyombo vidogo hukaa pwani. Katikati ya pepo hizo mbili huja maleleji, wakati upepo haujulikani uendako. Siku hizi mashua nyingi zina injini, na wako wasafiri wanaodhani injini imekomesha habari ya kukwama. Injini nayo huharibika, na ikiharibika huwa haina hata tanga la kungojea upepo.

MAJI KABLA YA YOTE

Mtu mzima mwenye afya huweza kuishi siku kadhaa bila chakula. Bila maji, katika jua la pwani hiyo, siku mbili au tatu ni nyingi. Hata hivyo wengi huanza kufikiria mikate na sambusa, kisha wakakumbuka maji mlangoni, dereva akipiga honi.

Visiwani maji matamu hayapatikani kwa urahisi. Kisiwa cha matumbawe hakina mto. Mvua ikinyesha huzama ardhini na kuelea juu ya maji ya bahari yaliyo chini, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Kisima kikichotwa kwa pupa, hasa wakati wa kiangazi, yale ya chumvi hupanda na kisima huharibika kwa muda mrefu. Basi si busara kwa msafiri kutegemea kwamba atajaza madumu yake kila atakapotia nanga. Huenda wenyeji wenyewe wanayapima.

Kipimo kinachofaa ni lita 3 za maji ya kunywa kwa mtu mzima kwa siku, na zaidi kwa anayefanya kazi juani au anayenyonyesha. Tuseme jamaa ya watu watano inakwenda safari inayotarajiwa kuwa ya siku mbili. Mama mwenye kupima kuchelewa ataongeza siku mbili nyingine. Watu watano, lita 3, siku nne: jumla ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Watoto wadogo hunywa pungufu, lakini hesabu na iachwe hivyo hivyo, kwa sababu kutakuwa na mikono ya kunawa na chungu cha kuteleka. Ni uzito wa kilo 60, na nahodha au dereva anaweza kunung'unika. Afadhali kuacha sanduku la nguo.

Maji hayo yasitiwe katika chombo kimoja kikubwa. Pipa likipasuka au likiingiwa na maji ya bahari, yote yamepotea kwa pigo moja. Madumu matatu yaliyofungwa vema na kuwekwa mahali mbalimbali ni salama zaidi. Dumu liwe halijapata kutiwa petroli, mafuta ya taa wala dawa ya wadudu. Plastiki hufyonza vitu hivyo na hakuna kuosha kunakoviondoa. La mafuta ya kula hufaa likisuguliwa kwa maji ya moto na sabuni hadi harufu iishe.

Mtungi wa udongo ni chombo cha heshima na maji yake yana ladha isiyopatikana penginepo. Mtungi huyapoza maji kwa sababu unatoka jasho: maji hupenya polepole katika udongo, hukauka nje na kuchukua joto. Lakini jasho hilo ni maji yanayopotea, na katika upepo wa baharini hupotea mengi. Kwa hiyo mtungi uwe wa maji ya kunywa siku ile ile, na akiba ikae katika madumu. Yachotwe kwa kata yenye mkono mrefu, na mtu asitumbukize kikombe chake wala vidole.

Maji ya kisima yachemshwe kabla ya kuondoka hadi yatokote kabisa, yapoe yakiwa yamefunikwa, ndipo yatiwe dumuni. Ikiwa safari imerefuka na kuni zimekwisha, iko njia nyingine iliyothibitishwa: maji maangavu hutiwa katika chupa safi za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, zikalazwa juani kwa saa 6. Mawingu yakitanda, ziachwe siku mbili. Mwanga wa jua huua vijidudu vingi vya tumbo. Njia hii haifai kwa maji yenye tope, na hauondoi chumvi.

Penye minazi, madafu ni baraka kwa msafiri. Maji yake yamefungwa na Muumba, hayahitaji kuchemshwa, na kifuu kinaweza kutupwa bila kuosha. Ubaya wake ni uzito na nafasi. Maji ya bahari hayanywewi kamwe, hata kidogo, hata yakichanganywa, kwa kuwa mwili hutumia maji yake wenyewe kuitoa chumvi hiyo na kiu huzidi. Kuoshea sufuria na sahani yanafaa sana, mradi yawe ya mkondoni mbali na makazi, na hivyo maji matamu huokolewa.

KILA CHAKULA NA BEI YAKE YA MAJI

Mama akiisha kujua ana lita ngapi, ndipo achague chakula. Jambo hili halifikiriwi na wengi: kila chakula kina bei yake ya maji na ya kuni. Maharage makavu ni chakula chenye nguvu, hayaozi na si ghali, lakini hudai kulowekwa, kutokoswa saa nyingi na mzigo wa kuni. Katika chombo cha tanga, ambako jiko ni sanduku lililojazwa mchanga na kuwashwa moto juu yake, kupika maharage ni anasa. Mchele hudai pungufu. Tende hazidai kitu.

Papa mkavu ndiye mfano bora wa bei hii. Kwa karne nyingi papa aliyetiwa chumvi na kukaushwa amesafirishwa kwa vyombo kutoka pwani hizi hadi Mombasa na Unguja, na hakuna chakula kinachostahimili safari kuliko yeye. Ila chumvi iliyomhifadhi humdai mlaji. Papa mkavu ni masurufu mema kwa mwenye maji mengi, na ni adui wa mwenye maji machache. Aliyekwama huku dumu la mwisho limefika nusu hana budi kumwacha papa kapuni na kula tende na mkate.

Tende zilikuwa zikija na majahazi ya Basra na Omani wakati wa kaskazi, na umaarufu wake miongoni mwa mabaharia haukutokea bure. Zina sukari nyingi na maji machache, hivyo vijidudu haviwezi kustawi ndani yake. Hazitaki moto, sahani wala kisu. Ubaya mmoja ni inzi na mchwa wa chombo, kwa hiyo zikae katika bati lenye mfuniko badala ya kanda la ukindu.

MKATE WA MOFA

Huu ni mkate mdogo, mnene, wa unga wa mtama, mawele au mahindi, unaookwa kwa kubandikwa kwenye ukuta wa ndani wa tanuri ya udongo. Wasomali huuita muufo. Kwa safari ni bora kuliko mahamri na chapati, kwani hauna mafuta yanayoweza kuvunda wala tui linaloweza kuchacha.

Unga hukandwa kwa maji vuguvugu na chumvi kidogo, pamoja na hamira au donge la kinyunga cha jana, ukaachwa usiku kucha. Asubuhi tanuri huwashwa hadi kuta ziwe nyeupe kwa joto. Mikate hubandikwa kwa kiganja kilicholowa maji. Kwa kula nyumbani hutolewa ikiwa laini. Kwa safari huachwa kidogo zaidi, kisha hurudishwa tanurini moto ukiisha kufifia, ikakauke. Mtu asiye na tanuri anaweza kutumia kikaango kizito chenye mkaa juu na chini.

Kosa kubwa ni kuifunga ikiwa ingali moto. Mvuke hugeuka maji ndani ya mfuko wa plastiki, na siku ya pili mikate imeota ukungu wa kijani. Ipoe kabisa juu ya ungo, ndipo ifungwe kwa kitambaa safi cha pamba na kuwekwa katika kapu linalopitisha hewa. Iliyokauka sawasawa hukaa siku nne tano bila shida. Huliwa kwa kuchovywa katika chai, na meno ya wazee hayalalamiki.

NYAMA INAYOKAA

Wafugaji wa Somalia na kaskazini mwa Kenya wana nyama iliyobuniwa kwa watu wanaohama, na wanawake wa mijini nao huipika kwa wasafiri, mahujaji na wanafunzi wa mbali. Kisomali huitwa oodkac au muqmad. Upande wa Kenya wengi huiita nyirinyiri. Ni nyama ya ng'ombe au ngamia isiyo na mafuta. Hukatwa kuwa kanda nyembamba, ikatiwa chumvi na kuanikwa juani mahali penye upepo, imefunikwa kwa chandarua, siku moja au mbili hadi ikakamae. Kisha hukatwakatwa vipande vidogo kama punje za mahindi na kukaangwa kwa moto mdogo katika mafuta au samli.

Kukaanga ndiko kazi yenyewe. Mafuta yatatoa mapovu maadamu kuna maji ndani ya nyama, na mpishi asiondoe sufuria mpaka mapovu yakome na vipande vigonge kama changarawe. Samli iliyoyeyushwa pamoja na iliki humiminwa juu yake hadi nyama izame. Ikipoa huganda na kuizuilia hewa. Ikiwa katika chombo kikavu chenye mfuniko hukaa miezi, na vijiko viwili vyake juu ya mkate wa mofa ni chakula cha mchana.

Inahifadhika kwa sababu haina unyevu. Kwa ajili hiyo kitunguu thomu kibichi kisitiwe ndani ya samli, kwani huleta unyevu mahali pasipo na hewa, na hapo huweza kuzaliwa sumu ya hatari isiyo na harufu. Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu daima. Anayechota kwa kijiko kilichotoka katika chai ameanza kuiozesha.

Katika miaka ya 1970 Kismayo ilikuwa na kiwanda cha nyama ya makopo, na nyama ya kopo ni masurufu mazuri ingawa wapishi wengi huidharau. Lililovimba, lililopasuka au lililoshika kutu kwenye mshono litupwe bila kuonjwa. Likifunguliwa liliwe lote mara ile ile. Heri makopo madogo matatu kuliko kubwa moja.

SAMAKI, KASA NA WALI

Haishangazi kwamba watu wa visiwani hufunga safari na samaki. Ila samaki mbichi na samaki wa kukaanga wana tahadhari zao. Jodari, nguru na jamaa zao wakiachwa juani baada ya kuvuliwa huanza kufanya sumu nyamani, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaangwa, kuchemshwa wala kutiwa ndimu. Aliyekula huona uso unawaka, kichwa kinagonga, ngozi inawasha, na pengine tumbo huharika. Kwa hiyo samaki wa safari awe amepasuliwa na kutiwa chumvi siku ile ile aliyovuliwa, mapema. Kumkausha samaki aliyekwisha kuharibika ni kuuhifadhi ubaya wake.

Kuhusu kasa, neno lazima lisemwe wazi. Wabajuni ni mabingwa wa zamani wa kuwavua, na wamejulikana kwa ustadi wa kumtumia taza, samaki mwenye kunata, aliyefungwa kamba ili amng'ang'anie kasa. Ni ufundi wa kustaajabisha. Lakini nyama ya kasa huweza kuwa na sumu ambayo hakuna anayeitambua kwa macho, kwa ladha wala kwa harufu, na ambayo moto hauiondoi. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula kasa, na watu wengine zaidi ya 70 walilazwa hospitali. Watoto ndio hudhurika zaidi, na sumu huweza kumfikia mtoto kupitia maziwa ya mama aliyekula. Nyama hii isiingie kapuni, mbali ya kwamba kasa wenyewe wanakwisha baharini.

Wali ndio chakula kinachowadanganya watu wengi zaidi. Hupikwa alfajiri kwa tui zito, hufungwa katika sufuria ukiwa moto, hufunikwa kwa taulo, na saa nane mchana hufunguliwa kwa furaha. Katika mchele zimo mbegu za vijidudu ambazo haziuawi na kutokota. Wali unapokaa vuguvugu mbegu hizo huota, huzaa na kutoa sumu, na kuupasha moto tena hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika hali ya joto la kawaida, isipokuwa kikiwekwa moto sana, kupita nyuzi 60. Tui nalo huchacha upesi kuliko maji matupu. Wali wa nazi na uliwe nyumbani kabla ya kuondoka, watu washibe. Safarini, mwenye jiko apike wali mkavu mpya kwa kila mlo, kiasi kinachokwisha.

NJIA YA NCHI KAVU

Mambo hayo ya chomboni yote yamo pia katika motokaa, ingawa msafiri wa barabara hujiona yu salama zaidi kwa kuwa ardhi iko chini yake. Kismayo hadi Mogadishu ni kilomita 500 hivi, kupitia bonde la Mto Juba na Jilib, kisha upande wa Barawa na Merka. Kabla ya vita gari zima liliweza kuumaliza mwendo huo kwa siku moja ndefu. Tangu 1991 mashimo, vizuizi na hatari za njiani zimeifanya hesabu hiyo kuwa haina maana. Upande wa Kenya njia hupita Afmadow na Dhobley hadi Liboi, Dadaab na Garissa. Huko kuna udongo mweusi ambao, mvua za Aprili hadi Juni au zile za Oktoba hadi Desemba zikinyesha, hunata kama gundi. Malori hukwama hapo kwa siku, na abiria hulala chini yake.

Mwaka 2011, ukame na njaa vilipoikumba Somalia ya kusini, maelfu ya watu walikwenda kwa miguu hadi Dadaab, na wako akina mama waliowazika watoto njiani. Katika nchi ile dumu la lita 20 ni mali yenye thamani kuliko sufuria.

Basi mwenye motokaa asitoe maji ya kunywa kwa ajili ya injini. Maji ya rejeta yawe na dumu lake lenye alama, na lisikae karibu na debe la petroli. Motokaa iliyofungwa na kuachwa juani huweza kupita nyuzi 50 ndani, na buti halina nafuu. Kapu la chakula liwekwe sakafuni upande wenye kivuli, mbali na injini, likifunikwa kwa kitambaa chenye unyevu ambacho hewa hukipuliza na kukipoza. Mwenye sanduku la barafu asilifungue kila mara. Atenge kinywaji cha watoto mahali pengine, kwa maana ni watoto wanaolifungua.

Bonde la Juba ni nchi ya ndizi, na ndizi ni tunda la safari lisilo na kifani: ganda lake ni sahani, kitambaa na mfuniko. Wasomali hula ndizi mbivu pamoja na wali au tambi, ambazo huziita baasto. Neno na chakula chenyewe viliachwa na Wataliano, waliopewa nchi ya Juba na Waingereza mwaka 1925. Tambi kavu ni nyepesi na haziharibiki, lakini hudai sufuria tele ya maji, hivyo ni za kituoni penye kisima. Matunda yaliyokwisha kumenywa na kukatwa yanayouzwa vituoni yasinunuliwe, hata yakivutia namna gani.

Maziwa ya ngamia huuzwa kando ya barabara, na yaliyochacha katika chombo kilichofukizwa moshi hudumu kuliko mabichi. Ni afya kwa mzoefu na kwa anayemjua muuzaji. Kwa mtoto mgeni yachemshwe. Wanaochafukwa na moyo garini wapewe tangawizi iliyopondwa katika chai ya rangi na kipande cha mkate mkavu, wala wasilazimishwe kula sambusa zenye mafuta.

MTOTO AKIHARISHA NJIANI

Hapa ndipo safari huweza kugeuka msiba. Mtoto mdogo anayeharisha katika joto hukaukiwa na maji kwa saa chache: macho huingia ndani, mdomo hukauka, hukojoa kidogo, akilia hana machozi. Kabla ya kuondoka mama anunue pakiti kadhaa za chumvichumvi za kuongezea maji mwilini. Zikikosekana, atengeneze mwenyewe: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Chumvi isizidi hata kidogo. Yanywewe kwa vijiko, polepole, hata kama mtoto anatapika, na yanayobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Mtoto aliyelegea asiyeweza kunywa hupelekwa kwa mganga wa hospitali iliyo karibu, na safari nyingine zote zingoje.

Anayenyonya aendelee kunyonya. Maziwa ya mama hayataki chupa, kuni wala barafu, na hayachachi. Linalotakiwa ni kwamba mama mwenyewe asinyimwe maji. Katika vyombo vingi desturi ni kumpa kwanza nahodha, kisha wanaume wanaovuta kamba. Anayenyonyesha awe wa kwanza pamoja nao, kwa kuwa anakunywa kwa ajili ya wawili.

Mwaka 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka na vita kuingia Kismayo na visiwani, Wabajuni wengi walikimbia kwa vyombo kuelekea pwani ya Kenya, na baadhi yao walikaa miaka katika kambi za karibu na Mombasa, ikiwamo Jomvu. Safari zile hazikuandaliwa. Vyombo vilijaa kupita kiasi, na kila mahali pa dumu la maji palikuwa mahali pa mtu. Anayefunga masurufu wakati wa amani anazo siku mbili tatu ambazo hao hawakuzipata, na kazi ya siku hizo ni kama ifuatavyo. Siku ya tatu kabla ya kuondoka, nyama ianikwe na madumu yasuguliwe. Siku ya pili nyama ikaangwe na unga ukandwe. Siku ya mwisho mikate iokwe, maji yachemshwe, na usiku vitu vipangwe: vya kuliwa kwanza juu, yaani mayai ya kuchemsha, ndizi na viazi, na vya akiba chini kabisa, yaani tende, nyirinyiri na nusu ya mikate, vimefungwa kwa kamba katika bati lao.

Bati hilo la chini lisifunguliwe kabla ya siku iliyotarajiwa ya kufika kupita. Safari ikiwa njema, litafika likiwa limefungwa. Tende zirudi nazo, nyirinyiri imiminiwe samli ya moto ili ufa uliotokea kwa kutikiswa uzibike, na mikate iliyokuwa migumu ivunjwevunjwe katika maziwa ya moto kwa sukari na iliki, wapewe watoto wa nyumba waliyofikia.